Mtani Aliyevaa Tai

Selemani alinitumia linki wiki tano kabla hajafa, nami sikuifungua. Haikuwa na salamu, haikuwa na "habari za siku nyingi", haikuwa hata na jina langu. Linki tupu, kutoka namba nisiyoijua yenye picha ya mtu ninayemjua. Karibu miaka arobaini tulikuwa tumeishi jiji moja, yeye Agincourt na mimi Rexdale, na katika miaka yote hiyo tulisemezana mara moja tu, kwenye harusi ya watu. Leo ananirushia linki kama anayemtupia mbwa mfupa! Nilisema moyoni, kama ana neno na aseme. Simu yangu kila siku inapokea linki za dawa ya magoti, za mahubiri, za mtoto aliyezaliwa akisema. Na hiyo nayo nikaiacha ilale pamoja na za magoti. Mimi ni mtu wa kisirani, sikatai, na uzee haujanipunguzia. Halafu Alhamisi moja kundi la Watanzania wa Toronto likajaa "Inna lillahi", na jina lililoandikwa juu lilikuwa lake. Alizikwa Ijumaa, kama desturi ya dini yake, na mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba ni mbali kwa basi.

Niliifungua linki Jumapili asubuhi, siku ya hitma yake, nikiwa na kikombe cha chai na sina nia ya kutoka. Ndani yake nilikuta wazee wawili wa Kiingereza, na ilinichukua muda kuwatambua. Kilikuwa kile kipindi chetu cha vichekesho, cha wale Waingereza wanne, ambacho mwaka tulipopanga pamoja tulikitazama mpaka kanda zikachoka. Kumbe kimerudi, si kwenye televisheni tena bali mtandaoni, vipande vya robo saa robo saa, na wale wanne wamebaki wawili. Walikuwa wamerudia lile igizo lao la chumba kinachojaa maji. Mabwana wawili wakubwa wamekaa mezani, maji yanapanda, yanafika magotini, kiunoni, kifuani, na hakuna anayekubali kuyataja, maana bwana mkubwa halalamiki. Mpaka maji yafike kidevuni ndipo mmoja anasema kwa adabu zote kwamba leo kuna unyevunyevu. Sasa safari hii mzee mmoja alikaa mezani, mwingine amesimama pembeni, na kiti cha pili kilikuwa kitupu, juu yake wameweka kofia ya marehemu aliyekuwa akikikalia. Mzee wa mezani hakulia. Alianza kumsema mwenzake: kwamba alikuwa hajui kuigiza, kwamba alinuka vitunguu, kwamba hakuwahi mazoezi hata siku moja, na leo ndiyo mara ya kwanza amekaa kimya mwenzake amalize kusema. Kisha akaichukua ile kofia, akaivaa, akaiga sauti ya marehemu, akajitukana mwenyewe kwa sauti hiyo. Watu ukumbini walicheka huku wakifuta macho. Chini, watazamaji walikuwa wameandika maoni yao, kwamba huu ni ujasiri, kwamba jambo hili halijapata kuonekana. Halijapata kuonekana! Kwetu hiyo ni kazi ya mtani, na anapewa kuku. Chai ilipoa mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa Sele alikuwa ananiambia nini.

Naeleza kwa ajili ya watoto wetu waliokulia huku, wasije wakadhani ni uchawi. Mimi ni Mnyamwezi na Sele alikuwa Mzaramo, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana na hununi. Anaingia kwako anafunua sufuria anakula, na unamwambia lafudhi yake ni ya mbuzi, na mnaendelea kupendana. Lakini kazi yake kubwa ni siku ya msiba. Watu wote wanapolia, mtani anatakiwa aje avae nguo ya marehemu, atembee kama marehemu, aseme uvivu wake na uroho wake, agome asiondoke mpaka apewe kitu, na ile nguo aondoke nayo kwa sababu ni haki yake. Wafiwa wanacheka watake wasitake, na kucheka huko ndiko kunakowarudisha kwenye chakula na usingizi. Msiba bila mtani ni maiti tu na watu wanaotazamana. Hili nililijua tangu nikinyonya, sikuhitaji kufundishwa na mtu, na ndiyo maana sina pa kujificha.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minane, na mimi na Sele tulikuwa tumepanga ghorofa ya kumi na moja, katika moja ya yale majengo marefu yanayotazama barabara ya Kipling. Vyumba viwili, sebule yenye zulia la rangi ya haradali iliyokwisha, na jiko jembamba ambamo watu wawili hawapishani bila kukumbatiana. Dirisha la jiko lilivuja. Theluji ikiyeyuka, maji yalishuka ukutani mpaka kwenye gunia letu la mchele, na tuliweka sufuria chini. Lifti ilikuwa inakufa kila wiki ya pili, na siku hiyo lazima tumetoka kununua mchele. "Mnyamwezi, twika," Sele alikuwa akiniambia pale chini, anafungua mlango wa ngazi kama mtu wa hoteli, "upagazi ni kipaji, usikikatae kipaji cha Mungu." Nami nilikuwa namjibu, "Mzaramo, wewe kaa hapo hapo usikilize kama kuna ngoma mahali, ukiisikia nitakukuta huko na mchele wako." Na gunia nililibeba mimi, kweli, ngazi zote kumi na moja, yeye nyuma anahesabu kwa sauti. Jambo moja tu ndilo tulilogombania kwa dhati, kuosha sufuria. Sele alipika vizuri kuliko mwanamume yeyote niliyepata kuishi naye. Samaki wa nazi ya kopo, wali usiogandamana, mchicha wa dukani aliouita majani ya wagonjwa lakini akaufanya ulike. Kuosha, hapana. Zamu yake ikifika alishikwa na mgongo, na ule mgongo ulipona mara tu sufuria zikikauka.

Tulifanya kazi pamoja kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, tukipanga ndoo na mabeseni ya plastiki kwenye maboksi. Bosi wetu alikuwa Gordon, Mwingereza mwembamba mwenye masharubu mekundu, aliyehamia Kanada na mke na kasha la kaseti. Hazikuwa kaseti za muziki, zilikuwa za video, za kipindi hicho cha wale wanne, alizokuwa amezirekodi mwenyewe na kuziandika namba kwa wino. Gordon aliamini kwamba mtu asiyekipenda kipindi kile hana akili, na kwamba mgeni akikielewa basi Kiingereza chake kimekamilika. Alitukopesha kaseti moja kila Ijumaa, kwa sharti kwamba Jumatatu, wakati wa chakula, umweleze umependa wapi. Jumamosi mchana, baada ya kufua, tulikuwa tunaketi kwenye zulia lile na sahani za wali, deki inaunguruma, na hapo ndipo Sele alipokuwa anafanya mambo yake. Alizima sauti. Halafu akawasemesha wale mabwana kwa Kiswahili, kila mmoja na sauti yake, mmoja karani wa mahakama wa Kisarawe na mwingine mzee wa kanisa asiyependa kuguswa. Lile igizo la maji alilifanya mara ishirini. "Kuna kaunyevu leo, Mheshimiwa," alisema kwa ile sauti ya mtu anayezama na hataki kusumbua, na mimi nililala chini nikishika mbavu. Ikawa ndiyo salamu yetu. Lifti imekufa, kuna kaunyevu. Theluji imefika magotini na basi halionekani, Mheshimiwa, kuna kaunyevu. Mama Pili wa ghorofa ya saba, mwanamke wa Tanga aliyepika katika jiko la hospitali na kututunza Jumapili kama tuliozaliwa naye, alikuwa akitusikiliza na kutikisa kichwa. "Nyie watoto," alisema, "mnavyowacheka wazungu hivi, je, wenyewe wakiwajua?"

Walitujua nusu. Kichekesho cha Kiswahili kilibaki ghorofani. Kule ghalani mimi nilikuwa na changu. Nilikuwa nimekariri maneno ya wale wanne neno kwa neno, na lafudhi yao, na wakati wa chakula Gordon aliwaita wenzake, "Njooni mumsikie Mihayo," nami nilisimama kati ya maboksi na mkate mkononi nikawafanyia mabwana wakubwa. Walicheka sana. Sele alikuwa anakula kwa mbali, anatazama. Siku moja kwenye basi aliniambia, "Unaigiza kama kasuku. Huongezi chumvi." Nilimwambia ni wivu wa Kizaramo. Lakini alisema kweli, na alijua nilichokuwa natafuta. Karani wa ghala alikuwa anastaafu, mzee mmoja mwenye meza yake karibu na dirisha, mashine ya kuongezea joto miguuni na kalamu tatu mfukoni, na mimi meza ile nilikuwa naiota. Gordon aliniita pembeni, akasema jina langu limetajwa, ila wakubwa wa juu wanajiuliza. "Wanajua unachekesha," akasema. "Sasa wanataka waone kama unaweza kuwa mtu mtulivu." Jumatano hiyo nilikwenda nikanunua tai. Ya buluu, yenye mistari myembamba. Niliificha chini ya godoro, kwa sababu Sele angeniona nayo, ningekoma.

Habari ya mama yake ilikuja siku mbili baadaye, kwa simu ya Mama Pili, kwa kuwa yetu ilikuwa imekatwa. Alipanda ngazi ghorofa nne kwa miguu, na nilipomwona mlangoni na kanga kichwani bila kilemba chake cha kazi nilijua. Sele alikuwa jikoni. Hakupiga kelele. Alizima moto chini ya sufuria, akaifunika, akauliza wanazika saa ngapi. Walikuwa wameshazika. Asingeweza kwenda hata kama wangengoja wiki. Karatasi zake zilikuwa bado ziko kwa mwanasheria, na mtu aliyetoka nchini katika hali ile harudi. Alikaa kwenye zulia akiegemea ukuta. Kitu pekee cha mama yake alichokuwa nacho ni kanga moja, aliyomfungia dagaa akampa mtu aje nayo, maandishi yake yameshafifia, na Sele alikuwa ameifanya pazia la dirisha la chumba chake. Aliivua akaifua mwenyewe. Nakumbuka nilimwona anaipiga pasi, na sikumwuliza kwa nini anaipiga pasi.

Tulikaa matanga Jumamosi mchana, pale pale sebuleni. Tulisukuma deki ukutani tukaifunika shuka. Walikuja watu kama ishirini, wengi Watanzania, Wakenya wachache, Wasomali wawili wa jengo la pili waliosoma Kurani vizuri kuliko wote. Mama Pili alipika pilau ya sufuria kubwa iliyoazimwa. Sele alikaa kwenye kona, na pembeni yake aliweka kiti cha jikoni, na juu ya kiti akaitandika ile kanga iliyopigwa pasi. Kila aliyetoka kwetu alijua kile kiti ni cha nani. Kilikuwa changu. Sele alikuwa ameniwekea nguo ya marehemu tayari, niichukue, nijifunge, nitembee kama mama yake aliyekuwa akija mjini na kuhesabu vijiko vya mwanawe. Alishanisimulia habari zake zote, nilizijua kama nilimlea mimi. Ila nilitoka chumbani kwangu nimevaa tai. Nilikuwa nimemwambia Gordon habari za msiba, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na Gordon alisema yeye na mke wake watafika. Walifika. Walivua viatu mlangoni, soksi ya Gordon ina tundu kwenye kidole, mke wake amebeba maua na bakuli la viazi vya jibini, na walikaa kwenye kochi wakiwa wamebana magoti. Nilikaa karibu nao. Niliweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama nilivyomwona karani akikaa.

Kisomo kikaisha, pilau ikaliwa, na ukaja ule ukimya unaokuja. Watu walianza kunitazama. Mimi nilitazama zulia. Mama Pili akatoka jikoni anafuta mikono, akasimama katikati ya sebule, akasema kwa sauti yake ya Tanga isiyojua kunong'ona: "Mtani yuko wapi? Mbona msiba umenuna hivi, mama wa watu hana wenyewe?" Sele akainua kichwa. Hapa nataka niseme nilichokiona, kwa sababu nimekuwa nakiona tangu siku ile: alikuwa na nusu ya tabasamu. Macho mekundu, midomo imekauka, lakini pembe moja ya mdomo ilikuwa imeshaanza kucheka, inanisubiri nimalizie. Gordon akaniinamia sikioni akaniuliza mama yule amesema nini. Nami nikamjibu, kwa lafudhi yangu safi, "Anauliza kama mtapenda chai." Mke wa Gordon akasema itakuwa vizuri sana, yenye maziwa. Nikainuka nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilichukua muda kuliko ilivyohitaji, nikayatazama maji yakichemka, na nilipotoka na vikombe Sele alikuwa ameshaikunja kanga, ameiweka mapajani, na kile kiti amekikalia Msomali mmoja anakunywa maji.

Aliniambia siku ya tatu, tulipoondoa matanga, wakati naosha ile sufuria kubwa. Aliingia akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani, yeye ambaye hakuwahi kukausha hata kijiko. "Mihayo," alisema, "mama yangu ameombolezwa kama mtu asiye na watani."

"Kulikuwa na wazungu, Sele. Wangeelewa nini? Wangesema tumeingiwa na wazimu."

"Wazungu ndio waliokufundisha kucheka mwaka mzima. Ulikuwa unawachekesha kwa mkate mkononi."

"Ile ni kazi."

"Na hii ilikuwa nini?"

Nikakimbilia ukali. Nilimwambia anataka kuniharibia, kwamba meza ile ni ya sisi sote, kwamba nikipanda mimi nitamvuta na yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sawa, Bwana Mihayo," akatundika kitambaa. Kama hujawahi kuwa na mtani hutalielewa lile "Bwana". Angeniita mbwa ningelala usingizi. Mwisho wa mwezi alihamia Downsview kwa mtu wa kwao, na mlangoni tulipeana mikono kama watu waliokutana benki. Kwenye ile harusi niliyoitaja, miaka mingi baadaye, alinikuta kwenye foleni ya chakula na sahani yangu imejaa nyama, mlima mzima, Mzaramo yeyote angenimaliza hapo hapo mbele za watu. Aliitazama ile sahani. "Habari za kazi, Bwana Mihayo," akasema, akapita.

Meza niliipata. Nilikaa kwenye dirisha lile miaka kumi na tisa, nikapata na mimi kalamu tatu, na kipindi kile sikukitazama tena, nilisema nimekua. Gordon alipostaafu tulimfanyia tafrija ndogo ya keki, na sijui ni nini kilinishika, nilimweleza. Nilimweleza habari za utani, na kiti, na kanga, na chai. Alisikiliza mdomo wazi, masharubu yameshakuwa meupe. "Kwa nini hukufanya?" aliniuliza. "Hicho ndicho kitu ambacho ningependa kukiona kuliko vyote." Akanipiga bega kwa upole. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka keki ikaisha. Ningekuwa mtu mwenye moyo, siku ile ile ningepanda basi kwenda kwa Sele nikamwambia, mtani, nihukumu. Sikwenda. Nilikuwa nasema yeye ndiye aliyehama, basi yeye ndiye wa kurudi. Na alirudi, kwa linki, na nikaiweka pamoja na dawa za magoti.

Basi Jumapili hiyo niliacha chai ikapoa, nikavaa, nikapanda mabasi matatu mpaka Agincourt. Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka, juu ya duka la mazulia, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, majirani, madereva wa mabasi aliofanya nao kazi, vijana wa msikitini, Wakongo wengi kwa sababu mkewe, Mama Furaha, ni mtu wa Bukavu. Wa kwetu, wa umri wangu, sikumwona hata mmoja. Mama Pili tulishamzika zamani. Na pale mbele, karibu na picha kubwa ya Sele akicheka, bintiye Mwajuma, aliyepewa jina la bibi yake, alikuwa ameweka kiti, na juu ya kiti ametundika koti la baba yake, lile zito la kazini, la kahawia, labda kwa sababu ameona watu wa hapa wakifanya hivyo. Mtoto hakujua alichokiweka. Mimi nilijua. Nilingoja kisomo kiishe na dua iitikiwe, sahani zikaanza kupita, na ule ukimya ukaja. Nikainuka. Nikaenda mpaka kwenye kiti, nikalichukua koti la Sele, nikalivaa.

Nilitembea kama yeye, tumbo mbele, mikono nyuma, kama mkaguzi wa mji. "Haya!" nikasema. "Nani amemruhusu Mzaramo huyu afe? Zamu ya kuosha sufuria ilikuwa yake! Mgongo unamuuma, mgongo unamuuma, kumbe anajipanga kutoroka! Mtu mvivu huyu, hata kaburini amekwenda kwa kubebwa, na mpagazi wake mimi sikuitwa! Nani aliyembeba? Alimshika vizuri? Alihesabu ngazi?" Nikageukia picha yake. "Mheshimiwa," nikamwambia kwa ile sauti yake ya anayezama, "kuna kaunyevu leo."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliziba mdomo kwa mtandio. Kijana wa msikitini alisimama, akaja polepole ameinua viganja, kama mtu anayemsogelea ng'ombe barabarani. Lakini Mwajuma alimtangulia, akanishika kiwiko, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Angekuwa na hasira ningeshukuru. Aliniuliza kwa Kiingereza, taratibu na kwa sauti ya juu, jina langu nani, na kama najua leo ni siku gani. Nikamwambia Jumapili. Akasema vizuri sana. "Mimi ni mtani wa baba yako," nikamwambia, na Kiswahili anakielewa, lakini neno lile hakuwa nalo, niliona linampita. Mama Furaha akaja na macho yake yaliyovimba, akanivutia kiti kile kile. "Papa, ikala kwanza. Ikala. Nani alikuleta?" Nilisema nimekuja mwenyewe. Wakatazamana, mama na binti, kwa huruma ile ya watu wema. Mwajuma akamwambia mtu aniletee chai. Ililetwa, yenye maziwa, na niliinywa yote mbele yao, kwa sababu walikuwa wananitazama kama nitaweza.

Nilipoinuka kuondoka nilianza kulivua koti. "Hapana, papa, enda nayo," Mama Furaha akasema, akanifunga vifungo mwenyewe kuanzia chini, kama mtoto wa shule. "Inje kuna baridi." Kwa mila lilikuwa langu tangu nilipolitia mkono, lakini nilipewa kama sadaka. Kijana wa msikitini alinisindikiza mpaka kituoni, akamwambia dereva anishushe pazuri.

Koti nimelitundika nyuma ya mlango. Mikono yake imepita vidole vyangu, yeye alikuwa mrefu, na mfukoni hamna kitu, nimetazama. Jana wakati naosha sufuria niligeuka nikaliona pale, linaning'inia, limelegea, halina habari. "Mzaramo," nikaliambia, "hata leo umesimama tu." Nikangoja anijibu, na maji yakaendelea kutiririka kwenye beseni mpaka yakamwagika miguuni.